Hofu ya Hadhara Ina Tiba
Askari aliyezikabili risasi aweza kutetemeka aitwapo kusema mbele ya kikosi. Hofu hiyo ikidumu na kumkwaza kazini, si uoga bali ni maradhi ya nafsi.

Mwaka 1987, Francine Shapiro wa Marekani alianzisha tiba ya macho: mgonjwa huikumbuka aibu au kitisho kilichompata huku macho yakifuata kidole cha tabibu, kushoto na kulia, hata kumbukumbu ile ipungue makali. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa majeraha ya nafsi yatokanayo na vitisho vikuu.

Kwa hofu ya hadhara, ushahidi wake ungali mchache. Kurekebisha mawazo na kuikabili hofu hatua kwa hatua ndiko kulikothibitika zaidi. Basi mwenye dalili hizo asikimbilie pombe, amwendee daktari.