Mpiga Mbizi wa Macalder

Macalder ni mji wa watu wanaoingia ardhini. Uko Nyatike, katika kaunti ya Migori, nchi ya Wakadem, na wenyeji hulitamka jina lake "Makalda". Shaba na dhahabu ndizo zilizoujenga. Mgodi mkubwa ulifungwa mwaka 1966, na tangu hapo vijana kwa akina mama wameendelea kuisaka dhahabu kwa sururu, karai na zebaki, katika mashimo waliyoyachimba kwa mikono yao. Mtu wa pwani afikapo huku hatarajii kuulizwa habari za bahari, lakini ndizo nilizoulizwa.

Kijana mmoja wa hapo, ambaye jina lake nalihifadhi, alikuwa amehamia pwani ya kusini akifanya kazi ya jikoni hotelini. Kila asubuhi aliwaona wageni wakipanda mashua na mitungi ya hewa migongoni, akaingiwa na hamu. Akadunduliza, baba yake akamwongezea kwa dhahabu ya msimu mzima, akaandikishwa kwa mwalimu. Alisoma nadharia, akafanya mazoezi ya bwawani yote matano, akazama baharini mara mbili kati ya zile nne zinazotakiwa. Siku ya mbizi ya tatu akaambiwa mwalimu wake hafundishi tena, kwani chama kilichompa ualimu kimemsimamisha. Sababu hakuelezwa. Jioni yake mwalimu mwenyewe akamwita pembeni: njoo tuzimalize hizo mbili kimyakimya, nami nitakuandikia tarehe za nyuma. Kijana alisita, akapanda basi akarudi kwao na daftari lake.

Huku nyumbani nako alikuta ameshatawazwa. Pampu ya kunyonya maji ilikuwa imetumbukia katika shimo la kale lililojaa maji, na wenye pampu walisikia kwamba mtoto wao amekuwa mpiga mbizi. Wakamtaka aingie. Mtungi hana, lakini fundi wa magurudumu ana mtambo wa kujazia upepo, na mpira mrefu upo! Ndipo aliponifuata mkahawani, akaketi, akasema, "Shikamoo mzee. Wewe ni mtu wa pwani. Hebu niambie, mimi nimehitimu ama sijahitimu?"

Ndugu msomaji, swali hilo lina pande mbili, na nilimjibu upande mmoja baada ya mwingine.

Kadi ya kupiga mbizi haitolewi na mwalimu. Hutolewa na chama, na mwalimu ni shahidi tu, anayekiandikia chama kwamba fulani ametenda mbele yangu hili na lile. Kilicho maarufu zaidi ni PADI, kilichoanzishwa Marekani na John Cronin na Ralph Erickson mwaka ule ule 1966 ambao mgodi wa Macalder ulifungwa. Vipo na vingine, kama NAUI na CMAS, na kila kimoja kina taratibu zake. Mwalimu wa PADI hulazimika kuuhuisha uanachama wake kila mwaka. Asipofanya hivyo, au akishtakiwa kwa kuhatarisha wanafunzi, jina lake hutolewa katika orodha ya wenye ruhusa ya kufundisha. Tangu siku hiyo kalamu yake haina wino. Somo atakalolitoa halihesabiwi, na kadi atakayoiomba haitoki.

Je, yale aliyoyafundisha kabla ya siku hiyo? Hapa nilikumbuka chuoni kwetu, tulikokaa juu ya majamvi na mbao zetu za kuandikia. Wanazuoni wa hadithi walikutana na fundo kama hili zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Alikuwako Kufa mpokezi aitwaye Ata bin Saib, mtu mwaminifu, ambaye uzeeni kumbukumbu yake ilichafuka. Wanazuoni hawakumtupa mzima mzima, wala hawakumpokea mzima mzima. Waliuliza wewe ulimsikia lini. Aliyesikia kabla ya kuchafukiwa, kama Sufyan Thauri na Shuuba, mapokezi yake yalikubaliwa. Aliyesikia baadaye aliambiwa akae nayo. Kosa la mwalimu ni jambo jingine, kusahau si hatia. Ila ile hesabu ya tarehe ni moja.

Kwa hiyo mazoezi matano na mbizi mbili za kijana wetu hazikupotea, maadamu kila moja iliandikwa na kutiwa sahihi siku mwalimu alipokuwa bado na ruhusa. Anaweza kuzipeleka kwa mwalimu mwingine, ambaye atampima kwanza majini aone kama anayajua kweli, kisha azimalize mbili zilizobaki na kuomba kadi kwa jina lake yeye. Ila asikawie: karatasi za kuhamishia masomo kwa mwalimu mwingine zina umri wa miezi 12 tangu somo la mwisho. Na kama angekubali zile tarehe za nyuma, angeyatia shaka hata yale masomo saba ya halali, kwa sababu chama kinajua ni siku gani kilimsimamisha mtu wake. Nilimwambia, mwanangu, kusita kwako ndiko kulikookoa dhahabu ya baba yako.

Fedha ni habari nyingine, nayo yanitia uchungu. Ada imekwisha kuliwa. Chama kinamlinda mwanafunzi kwa kumwondoa mwalimu mbovu, lakini ada alizompa mtu au duka atazidai huko huko alikozitoa, na mpishi kutoka Nyatike atamdai nani, kwa nauli ipi? Wageni wa Ulaya wakipatwa na haya huandika barua tatu wakarudishiwa. Wetu hupanda basi.

Upande wa pili wa jibu ulikuwa mfupi na mkali. Hata angekuwa na kadi mkononi, isingemruhusu kuingia katika shimo lile. Kadi ya mwanzo ni ya mita 18, kwenye maji yaliyo wazi juu, mahali ambapo mtu akitaka kupanda hukutana na anga. Shimo la mgodi lina paa, matope na giza, na lina elimu yake mbali. Hewa ya mtambo wa magurudumu huja na mafuta na moshi wake. Kisha liko jambo ambalo wapiga mbizi wengi wa pwani hawalikumbuki kwa kuwa haliwahusu: hesabu za kuzama hupigwa kwa kipimo cha usawa wa bahari, na ukivuka mita 300 juu yake zinabadilika. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134, na Macalder imelipita. Huko chini kila mita 10 za maji huongeza kani sawa na anga nzima. Mtu akivuta pumzi kamili kwenye mita 10 kisha akapanda ameibana, hewa ile hutaka nafasi mara mbili, na pafu halina. Wazee wetu wa Shimoni na Vanga waliozamia majongoo bila kadi walibeba pumzi waliyoivuta juu, ikabanwa chini na kurudi kipimo chake walipoibuka. Mtungi na mpira ni mambo mengine kabisa.

Wenye pampu hawakufurahi. Mmoja alinitazama kama niliyekuja kumharibia kijana riziki, na mwingine akauliza kama watu wa pwani wote ni waoga. Kijana alinyamaza, akafungua daftari akaanza kuhesabu miezi kwa vidole. Ilikuwa imebaki minne.

Pampu iliopolewa baada ya siku mbili kwa kulabu ya chuma na kamba ya katani, ikiwa imepinda shingo. Yeye alikuwa ameshaondoka na basi la usiku kuelekea Mombasa.