Bwawa Lililojaa Udongo

Msomaji, sikiliza habari za Graaff-Reinet, wilaya ya wafuga kondoo katika nchi kavu ya Karoo, Afrika Kusini. Mvua huko ni haba, na mifugo hula vichaka vidogo zaidi ya nyasi.

Zamani Wakhoikhoi walihamahama na mifugo yao, na malisho yalipata kupumzika. Waholanzi walianzisha mji mwaka 1786. Kondoo wa merino, wenye sufu nzuri, walifika Cape mwaka 1789, na katika karne ya 19 wakaenea wilayani. Wenye mashamba walipochimba visima na kuzungusha seng'enge, kondoo walikaa mahali pamoja mwaka mzima, wakawa wengi kuliko malisho. Vichaka vikaliwa, ardhi ikabaki wazi, mvua ikachukua udongo.

Udongo huo ulikwenda wapi? Mwaka 1925 bwawa kubwa, ambalo sasa laitwa Nqweba, lilimalizwa kujengwa katika mto Sundays karibu na mji. Mwaka hata mwaka tope liliingia, likachukua nafasi ya maji. Ukame ulipozidi mwaka 2019 bwawa likakauka, na mji ukategemea visima.

Serikali ilitunga sheria ya kuhifadhi udongo mwaka 1946, na mwaka 1969 ikaanza kuwalipa waliopunguza mifugo. Lakini udongo ulioshuka mtoni haurudi malishoni.

Basi, ewe mfugaji, usihesabu mifugo yako wakati wa mvua. Jiulize: mwaka wa ukame, shamba langu laweza kulisha wangapi?