Unanunua pikipiki iliyotumika? Soma karatasi zake kabla ya kutuma deposti

Umechanga kwenye chama mwaka mzima, umefikisha shilingi 90,000, na kuna mtu amekutumia picha ya pikipiki kwa WhatsApp. Inang'aa. Kiti kipya, rangi safi, na mwenyewe anasema haijawahi kumsumbua, hata cheti cha ukaguzi kipo. Sasa anataka 10,000 ya kukushikia, eti kuna mteja mwingine yuko njiani. Subiri kidogo. Kabla hujaweka PIN, hebu tuangalie hicho cheti kinasema nini, na kipi hakisemi.

Cheti cha ukaguzi ni ushahidi wa siku moja. Siku hiyo mkaguzi aliangalia mambo ya usalama: breki, taa, indiketa, honi, tairi, usukani, na kama namba za chasi na injini ni zile zilizosajiliwa. Hakufungua injini. Ringi za pistoni zilizoisha, klachi inayoteleza au gia inayoruka vinaweza kupita ukaguzi bila mtu kuuliza. Na tairi nzuri inaweza kuazimwa asubuhi ikarudishwa kwa mwenyewe jioni. Watu wa boda wanaujua mchezo huo.

Ndiyo maana karatasi moja haitoshi. Muulize muuzaji kama ana zile za zamani, halafu zipange kwa tarehe. Wengi wetu tukiona pikipiki iliwahi kufeli ukaguzi tunakimbia. Sisi tungekimbia polepole. Pikipiki iliyofeli kwa sababu ya breki, ikarudi baada ya siku tano na kupita, inakuonyesha kwamba mwenyewe hutengeneza kinachoharibika. Ya kuogopa ni ile yenye kosa lilelile kila ikikaguliwa. Kama usukani umeandikwa una shida mara mbili au tatu, inawezekana iligongwa, fremu ikapinda, na kila mara fundi anafunika tu.

Kisha linganisha kilomita. Hapa ndipo uongo mwingi hujificha, kwa sababu mita ya pikipiki nyingi za 100cc hadi 150cc huendeshwa na kebo kutoka gurudumu la mbele. Kebo ikitolewa, pikipiki inatembea na mita imelala. Fanya hesabu yako mwenyewe: boda anayetembea kilomita 100 kwa siku, siku sita kwa wiki, anafikisha 31,200 kwa mwaka. Ukiambiwa hii imefanya kazi ya boda miaka mitatu na mita inasoma 18,000, hapo kuna shida. Kama karatasi ya mwaka juzi iliandika kilomita nyingi kuliko zinazosomeka leo, usibishane na mtu. Aga, uende nyumbani.

Uingereza kazi hii ni rahisi. Pikipiki ikipita miaka mitatu hukaguliwa kila mwaka, na mtu yeyote akiwa na namba yake anaweza kusoma historia ya ukaguzi kwenye intaneti bila malipo, pamoja na kilomita na makosa yaliyoonekana. Sisi huku tunategemea karatasi ambazo muuzaji ameamua kuziweka. Lakini kuna rekodi nyingine ambayo wauzaji wengi wanayo bila kujua: meseji za malipo kwenye simu.

Fikiria. Mwenye pikipiki anayeitunza hununua oili, breki shuu, cheni na sproketi, na humlipa fundi. Siku hizi pesa hizo nyingi hupitia kwa simu, na kila malipo huacha meseji yenye tarehe, kiasi na jina la aliyelipwa. Mwambie kwa heshima, "Boss, nionyeshe ulivyokuwa unalipa speya na fundi." Aishike simu yake mwenyewe, afungue meseji mwenyewe. Wewe usiguse simu ya mtu, na asikupe PIN yake hata kama mmezoeana. Ukiona duka la speya lilelile kila baada ya wiki chache kwa mwaka mzima, hiyo ni historia ambayo cheti hakiwezi kukupa. Ukiona kimya cha miezi minane halafu malipo makubwa kwa fundi wiki iliyopita, uliza ni nini kilitengenezwa. Huenda jibu ni zuri. Huenda pia injini ilifunguliwa ili ivumilie siku mbili za kuuzwa. Na kama alikuwa akilipa keshi, basi akupe namba ya fundi umpigie.

Sasa namba. Ya chasi utaipata kwenye shingo ya fremu karibu na usukani, ya injini iko kwenye injini yenyewe. Zisome kwa macho yako, usitegemee picha, halafu ulipie utafutaji wa rekodi ya pikipiki kwa NTSA kupitia eCitizen. Utaona jina la mwenye chombo. Linganisha na kitambulisho cha muuzaji, na pia na jina linalotokea unapotaka kumtumia pesa. Majina matatu tofauti yanahitaji maelezo ya kueleweka. Pikipiki nyingi za boda hununuliwa kwa mkopo, kwa hivyo ukikuta mkopeshaji ameandikwa pale, deni lazima limalizwe na jina lake litolewe kwanza, la sivyo unaweza kunyang'anywa chombo ulicholipia chote.

Namba ya injini isipolingana si lazima awe mwizi, injini hubadilishwa. Ila badiliko hilo linafaa kuwa kwenye rekodi. Kama haliko, alirekebishe yeye kabla wewe hujalipa.

Ile 10,000 ya kushikia? Usiitume kabla ya kuiona pikipiki na kupata majibu ya utafutaji. Ukikubali kununua, muuzaji ndiye huanzisha uhamisho wa umiliki kwenye akaunti yake na wewe unaukubali kwenye yako. Kaeni pamoja mfanye hivyo, halafu tuma zilizobaki mkiwa bado mmekaa hapo. Meseji ya malipo usiifute, na yale malipo yako ya kwanza ya oili pia usiyafute, maana siku utakapoiuza kuna mtu atataka kuyaona.