Mstari uliochorwa kwa nusu saa: habari za Korea, na za kwetu Maniema



Katika mikutano yetu ya Kasongo na Kabambare kuna ulizo linalorudi kila mara: ikiwa wakubwa wamekwisha kutia sahihi ya kusimamisha vita, mbona sisi hatujarudi, na mbona hatupati habari za ndugu zetu? Ili kulijibu, safari hii tunawapeleka mbali kidogo, Korea. Huko silaha zilinyamazishwa kwa sahihi tarehe 27 Julai 1953, na mpaka leo wapo wazee wasiojua kama kaka zao wako hai.

Wakorea ni watu wamoja. Lugha yao ni moja, na herufi zao wenyewe walizipata zamani za mfalme Sejong, miaka ya 1440. Chakula kisichokosekana ni kimchi, mboga iliyochachishwa kwa chumvi na pilipili. Wakati wa mavuno wana sikukuu iitwayo Chuseok, ambapo watoto waliotawanyika hurudi kwao kusafisha makaburi ya mababu. Jamaa nyingi zilitunza kitabu cha ukoo, chenye majina ya vizazi na vizazi. Mzee wa Kibangubangu au wa Kibuyu anayeweza kuwataja babu zake bila kukosea angeelewana nao upesi.

Je, watu kama hao walitenganaje? Japani iliwatawala tangu 1910 mpaka 1945. Mwaka ule wa mwisho nchi yetu ilihusika bila kuulizwa: sehemu kubwa ya madini ya urani yaliyotumiwa katika bomu la Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945, ilitoka Shinkolobwe, Katanga. Japani ikawa inashindwa, na majeshi ya Urusi ya Kisovieti yakaanza kuingia Korea kutoka kaskazini. Huko Washington, usiku wa tarehe 10 Agosti, maofisa wawili wa Marekani waliambiwa watafute haraka mahali pa kugawana. Walichukua ramani ya gazeti, na kwa muda wa nusu saa hivi wakachagua mstari wa 38. Hakuna Mkorea aliyeulizwa. (Sisi tunaokumbuka mambo ya Berlin ya 1885 hatuhitaji maelezo zaidi.)

Mstari ulikusudiwa kuwa wa muda. Mwaka 1948 zikazaliwa serikali mbili, na Juni 1950 vikaanza vita vilivyoua watu zaidi ya milioni mbili. Karatasi ya 1953 ilisema askari wasimame walipo, na kati yao liachwe eneo lisilo na jeshi, lenye upana wa kilomita 4 na urefu wa kilomita 250 hivi. Mkataba wenyewe wa amani ulikuwa ufuate. Haukufuata. Aliyekwenda kusini kwa juma moja kuuza mchele alibaki kusini. Barua ya kawaida haivuki, simu haivuki. Hata lugha imeanza kuachana: wanaokimbia kutoka kaskazini wakifika Seoul hujifunza maneno ya dukani upya, kwa sababu kusini wamekopa mengi kutoka Kiingereza.

Mstari wa kwetu

Kongo pia imewahi kukatwa. Mwanzoni mwa 1961 ilikuwa na serikali nne: Léopoldville, Stanleyville, Élisabethville na Bakwanga. Lakini wengi wetu tunakumbuka zaidi vita vilivyoanza tarehe 2 Agosti 1998. Magharibi ilibaki kwa serikali ya Kinshasa, Gbadolite ikawa ya MLC, Goma ya RCD. Kindu ilichukuliwa na RCD Oktoba 1998, na Kasongo ikawa upande huohuo, huku vijiji vingi na pori vikiwa mikononi mwa Mai-Mai.

Kwa hiyo mstari wa kwetu haukuwa wa kwenye ramani. Ulipita kati ya mji na shamba. Mama aliyekwenda kung'oa mihogo aliuvuka asubuhi na kuuvuka tena jioni. Mjini aliulizwa kama anawalisha Mai-Mai; porini aliulizwa kama anapeleka habari kwa askari wa mji. Wenye watoto Lubumbashi au Kinshasa walikaa miaka bila kuwaona.

Mapatano ya Lusaka ya Julai 1999 yalifanana na yale ya Wakorea: kila jeshi libaki lilipo. Kama tungeishia hapo, huenda leo tungekuwa na Kongo mbili au tatu. Mapatano ya Pretoria, tarehe 17 Desemba 2002, yalisema jambo jingine: serikali moja, jeshi moja. Mwaka 2003 waliokuwa wakipigana wakaketi katika serikali ya mpito, yenye rais mmoja na makamu wanne. Kazi ilifanyika nusu, Salamabila inajua hivyo, lakini njia zilifunguka. Ndiyo jibu la ulizo lile: sahihi ya kusimamisha vita inawazuia askari wasisogee, haimrudishi mtu kwake. Mwaka 2025, Goma ilipochukuliwa na M23 mwezi wa Januari na Bukavu mwezi wa Februari, benki zilifungwa na uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa, na jamaa zikagawanyika tena pande mbili.

Kushukiwa kwa sababu ya ndugu

Hapa tunaomba wakuu wa vijiji wasome polepole. Korea Kaskazini iliziweka jamaa katika madaraja kufuatana na mambo ya baba na babu. Mwenye ndugu aliyekimbilia kusini aliwekwa chini, na watoto wake pia. Kusini nao, ambao walijiita watu huru, walimfuatilia mtu ambaye kaka yake alikwenda kaskazini. Mtoto wake alikataliwa kazi ya serikali kwa kosa ambalo hakulitenda. Katiba ya kusini ilikataza jambo hilo mwaka 1980, miaka 27 baada ya bunduki kunyamaza. Watu walijifunza kuficha majina ya ndugu zao, na ndugu anayefichwa hatafutwi.

Kabambare inapakana na Fizi. Anayefika kutoka huko anaweza kuwa ameacha mume, mkwe au mtoto upande mwingine wa mstari. Kuwa na ndugu upande ule si kosa wala si ushahidi. Orodha ya wageni ni ya kugawia chakula na mashamba. Ikigeuzwa kuwa orodha ya washukiwa, mama mwenye watoto sita ataandikisha wanne, na hao wawili hakuna atakayewatafuta.

Jinsi waliopotea walivyotafutwa

Tarehe 30 Juni 1983 televisheni ya taifa ya Korea Kusini, KBS, ilianza kipindi cha kutafuta ndugu waliopotezana vitani. Kilipangwa kwa saa moja na nusu. Kiliendelea kwa siku 138. Watu zaidi ya 100,000 waliomba kutangazwa, na jamaa zaidi ya 10,000 zikaonana. Karibu wote hao walikuwa upande mmoja, kusini, miaka 30 bila kujuana!

Walitambuanaje? Wengi walipotea wakiwa wadogo, hata jina kamili hawakulijua. Walibeba vibao vyenye mambo madogo: jina la utani la nyumbani, kovu la kuungua mkononi, mti uliokuwa mbele ya nyumba, daraja ambapo mkono wa mama uliponyoka. Kuvuka mstari kulikuwa kugumu zaidi. Kati ya mwaka 2000 na 2018 serikali mbili ziliruhusu mikutano michache, na wa kukutana walichaguliwa kwa kura. Kusini wameandikishwa zaidi ya 130,000. Wengi wao wamekufa wakingoja.

Kwa hiyo msingoje. Mwandikeni kila aliyepotea: jina lake na majina mengine aliyoitwa, jina la baba na la mama, kijiji, umri, alama ya mwilini, mahali na siku alipoonekana mwisho, na alikuwa na nani. Waulizeni wazee kwanza. Mtoto aliyefika peke yake aandikwe siku ileile, kabla hajasahau, na asipelekwe mbali bila habari kuachwa mahali alipopatikana. Kisha mwoneni mtu wa Msalaba Mwekundu. Barua zao huandikwa kwenye karatasi iliyo wazi na hubeba habari za jamaa tu: nani yu mzima, nani amezaliwa, nani amefariki. Msiandike habari za askari wala za siasa, maana barua haitapokelewa. Kazi hiyo hailipiwi, si wakati wa kutuma wala wa kupokea.