Je, Wajua? Ethanoli Hujibu Mara Tatu

Je, wajua kwamba umbo la molekuli hutambuliwa kwa mawimbi ya redio, bila kuichoma wala kuiharibu sampuli? Kipimo hicho huitwa NMR. Kiini cha atomi ya haidrojeni ni sumaku ndogo mno. Sampuli ikitiwa ndani ya sumaku kubwa, iliyopozwa kwa heli kioevu hadi nyuzi 269 chini ya sifuri, kisha ikapigwa mawimbi ya redio, viini navyo hutoa mawimbi yao.

La kustaajabisha zaidi ni kwamba kila kiini hujibu kulingana na majirani zake. Elektroni hukikinga kidogo na nguvu ya sumaku. Oksijeni ikiwa karibu, huzivutia elektroni kwake, kinga ikapungua, na masafa ya jibu yakasogea sehemu chache tu katika milioni.

Mwaka 1951, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Arnold, Dharmatti na Packard waliipima ethanoli, kileo kilichomo katika bia na mvinyo. Kwenye mchoro wa majibu vikachomoza vilele vitatu, kwa uwiano wa 3:2:1. Haidrojeni tatu ziko kwenye kaboni ya pembeni, mbili kwenye kaboni iliyoshikana na oksijeni, na moja kwenye oksijeni yenyewe. Sasa itazame dimethili etha, ambayo ni gesi. Nayo ina kaboni 2, haidrojeni 6 na oksijeni 1, sawasawa na ethanoli. Hesabu ya atomi haizitenganishi. NMR huzitenganisha papo hapo, kwani etha hutoa kilele kimoja tu: haidrojeni zake zote sita zina ujirani wa aina moja.

Mwaka uliotangulia, hapohapo Stanford, Proctor na Yu walipima naitrojeni ya amonia naitreti wakitarajia jibu moja, wakapata mawili. Kwa wanafizikia waliotaka kupima kiini peke yake, huo ulikuwa usumbufu. Wanakemia ndio waliofaidi.

Ethanoli yenyewe ina mengi zaidi ya kusema. Katika kila haidrojeni milioni moja, takriban 150 zina uzito maradufu, na jinsi zinavyojigawa ndani ya molekuli hutegemea mmea uliotoa sukari. Njia ya kuzipima ilibuniwa Nantes, Ufaransa, na mwaka 1990 Jumuiya ya Ulaya ikaifanya kipimo rasmi cha mvinyo. Mtu akiongeza kwa siri sukari ya kiazisukari kwenye maji ya zabibu, sukari hiyo huchacha yote ikawa kileo, ulimi usiweze kuitambua. Haidrojeni nzito bado huutaja mmea ulikotoka utamu ule.