Makaa Yaliyomo Mwilini Mwetu

Mama akiunguza ugali, maziwa au maharage huona jambo lile lile: chakula kinageuka cheusi. Weusi ule haukutoka motoni, ulikuwamo tangu mwanzo. Ni kaboni, ambayo ndiyo makaa, na mtu mwenye uzito wa kilo 60 anayo mwilini karibu kilo 11.

Imekuwaje kitu kimoja kiwe maziwa, nywele, damu na mwembe? Tuifikirie chembe ya kaboni kama mtu mwenye mikono minne. Haidrojeni ina mkono mmoja, oksijeni miwili. Kaboni hushikana na hizo, na zaidi ya yote hushikana na kaboni wenzake kwa nguvu, zikafanya mnyororo mrefu, matawi au duara. Hivyo vitu vinavyojengwa nayo ni mamilioni. Hata namna ya kushikana ikigeuka kidogo tu, kitu hubadilika. Ugali na nyuzi ngumu za gunzi ni sukari ile ile ya glukosi, ila imeunganishwa tofauti. Ugali twausaga tumboni, gunzi hatuliwezi.

Sisi wauguzi tofauti hizo ndogo tunazikuta wodini. Kileo cha bia kina kaboni mbili. Ini hukigeuza kuwa asidi ya siki, na mwili huitumia (hapa hatuisifu bia!). Methanoli, spiriti ya viwandani, ina kaboni moja tu. Ini huifanyia kazi ile ile, lakini safari hii hutoka asidi ya fomiki, iliyomo katika sumu ya baadhi ya sisimizi, nayo huharibu mshipa wa fahamu wa jicho. Vijiko viwili vya chai vyaweza kumpofusha mtu mzima. Wauzaji wengine huitia katika pombe iwe kali. Novemba 2000 mjini Nairobi pombe ya namna hiyo iliua watu zaidi ya 100.

Ulimi hauwezi kuitambua. Tena mnywaji hulala kama mlevi wa kawaida, na mara nyingi taabu huanza baada ya saa 12 hadi 24: kutapika, tumbo kuuma, kupumua haraka, kuona ukungu mweupe. Ndugu hudhani ni uchovu wa pombe, wakampa supu na kungoja. Tafadhali msingoje. Mleteni hospitali usiku ule ule, na waliokunywa naye waje pia, hata wakijiona wazima.