Dizeli ya masalia ya mawese: Injini itaipenda, baridi ya Kaplong je?

Malori ya majani chai yanayopita njia panda ya Kaplong hutumia dizeli inayoingia nchini kwa meli kupitia Mombasa. Karibu zaidi, Nakuru, Thika na Nairobi, viwanda vya kusafisha mafuta ya kupikia hubaki na masalia ambayo nayo yanaweza kuendesha injini hizo.

Mafuta mengi ya kupikia nchini Kenya ni mawese kutoka Malaysia na Indonesia. Yakiwa ghafi huwa na asidi zinazoharibu ladha. Kiwandani huondolewa kwa mvuke wa moto mkali, kisha zikapoa na kuganda. Hayo ndiyo masalia yenyewe, na wateja wake wakubwa ni watengenezaji wa sabuni.

Mafuta safi hugeuka dizeli yakichanganywa na methanoli na kostiki soda katika joto la nyuzi 60 hivi. Kilo 100 za mafuta na takriban 11 za methanoli hutoa karibu kilo 100 za dizeli, na glisirini inayotuama chini. Masalia yenye asidi nyingi hayafuati njia hiyo, kwa kuwa kostiki huyafanya sabuni. Hutiwa kwanza methanoli na asidi ya salfuriki, na maji yanayojitokeza huondolewa.

Kikwazo cha pili ni hali ya hewa. Dizeli ya mawese huanza kuganda karibu na nyuzi 15, ilhali usiku katika nyanda za Kericho na Bomet, iliko Kaplong, joto hushuka hadi nyuzi 10 hivi. Alfajiri chujio huziba, injini ikakataa kuwaka. Ndiyo maana huchanganywa kwa kiasi kidogo na dizeli ya kawaida.

Hatari kubwa kwa afya ni methanoli. Mei 2014, pombe iliyotiwa kemikali hiyo iliua makumi ya Wakenya, wakiwemo wa Embu na Kiambu, na kupofusha wengine. Mwilini hugeuka asidi ya fomiki, inayoshambulia neva ya jicho. Dalili huweza kuchelewa hadi siku nzima: kichwa kuuma, kutapika, macho kuingia ukungu. Aliyeimeza akimbizwe hospitali hata kabla ya kulalamika. Methanoli hupenya ngozi pia, na mwali wake hauonekani vizuri mchana.

Kwa hiyo hii si kazi ya pipa nyuma ya nyumba. Ni ya kiwanda chenye maabara, na mnunuzi aulize mapema: dizeli hii huganda kwenye nyuzi ngapi?